Anne Wojcicki na kampuni 23andMe: biashara ya kupima ADN inatuhusu namna gani hapa Kalemie?

Familia nyingi za Kalemie, Moba na Fizi ziko na ndugu Marekani, Kanada ao Australia. Wengi walipita kwanza kwenye kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, kisha wakapelekwa mbali. Kule wanaishi, wanakuta kitu chenye hapa kwetu hakijulikani sana: kisanduku kidogo chenye kinauzwa dukani ao kwenye intaneti, na ndani yake kuko kichupa cha kutemea mate. Unatema, unafunga, unatuma kwa posta. Kisha wiki chache majibu yanafika kwenye telefone: babu zako walitoka upande gani wa dunia, kuko ndugu gani wenye hauwajui, na magonjwa gani yanaweza kukupata.

Mwenye alifanya kisanduku hiki kijulikane sana duniani ni mwanamuke wa California, Anne Wojcicki, na kampuni yake 23andMe. Historia yao iko na maswali mawili yenye mutu wa Katanika ao wa Kataki anapashwa kujiuliza, hata kama hatanunua kisanduku hata siku moja. La kwanza: kisha kupimwa, nani anabakia na habari za mwili wako? La pili: kipimo kinasaidia nini kama hakuna mwenye anakutunza kisha jibu?

Anne Wojcicki ni nani

Alizaliwa California mu Julai 1973. Baba yake, Stanley Wojcicki, alikuwa profesa wa fizika kwenye chuo kikuu cha Stanford. Mama yake, Esther, alifundisha wanafunzi wa sekondari kazi ya uandishi wa habari. Dada yake mukubwa, Susan, aliongoza YouTube kwa miaka mingi, na alifariki mwaka 2024.

Anne alisoma biolojia kwenye chuo kikuu cha Yale, akamaliza mwaka 1996. Kisha alifanya kazi karibu miaka kumi kwenye kampuni za pesa. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kampuni za afya, ili matajiri wajue wapi wataweka pesa zao. Mara nyingi ameeleza kitu chenye kilimuchosha kule: hospitali, kampuni za dawa na kampuni za asiransi zinapata pesa wakati mutu ni mugonjwa. Wakati mutu anabakia muzima, hakuna mwenye anapata faida.

Mwaka 2006 alianzisha 23andMe pamoja na Linda Avey na Paul Cusenza. Hao wawili walitoka mbele ya mwaka 2010, yeye akabakia kwenye usukani. Jina la kampuni linatokana na kromozomu za mwili wetu: kila mutu iko na jozi 23, nusu kutoka kwa mama, nusu kutoka kwa baba. Mwaka 2007 Anne aliolewa na Sergey Brin, mumoja wa wale wawili walioanzisha Google, na mwaka huo huo Google iliweka dola milioni 3.9 kwenye kampuni yake. Ndoa hiyo iliisha mwaka 2015.

Wazo lake lilikuwa moja, na hakuliacha: mutu wa kawaida iko na haki ya kujua habari za mwili wake bila kupita kwanza kwa munganga. Wanganga wengi hawakukubali. Walisema mutu akipata jibu la ugonjwa peke yake, usiku, kwenye telefone, nani atamueleza?

Kipimo kinafanya kazi namna gani

Ndani ya kila chembe ya mwili kuko maandishi madogo sana, yenye tunaita ADN. Jirani zetu wa Tanzania na Kenya wanasema DNA, ni kitu kile kile. Maandishi hayo yako na herufi zaidi ya bilioni 3. Sehemu yake yenye inatoa amri fulani kwa mwili inaitwa jeni: namna ya kutengeneza damu, rangi ya macho, na kadhalika.

Kipimo cha 23andMe hakikusoma herufi zote. Kilisoma mahali mamia ya maelfu tu, pale penye watu wanatofautiana. Ni sawa mutu mwenye anapita mu kitabu kikubwa na kuangalia neno moja hapa, neno moja pale. Anaweza kujua mambo mengi, lakini hawezi kusema amesoma kitabu chote. Tukumbuke hilo, juu litarudi mbele.

Mu 2007 kipimo kiliuzwa dola 999. Mwaka uliofuata bei ilishuka mupaka dola 399, na gazeti Time la Marekani likakichagua kuwa uvumbuzi bora wa mwaka 2008. Mwisho wa 2012 bei ilikuwa dola 99. Wojcicki alitaka watu wengi sana, juu kadiri watu wanakuwa wengi, ndivyo habari zenye kampuni inakusanya zinakuwa na bei kubwa kwa watafiti wa dawa.

Mwaka 2013: serikali inasema simamisha

Mu Novemba 2013, FDA, ofisi ya serikali ya Marekani yenye inasimamia dawa na chakula, iliandikia 23andMe barua kali. Ilisema kampuni haijaonyesha kama majibu yake ya afya ni ya kweli. Ikatoa mifano: mwanamuke anaambiwa kwa makosa kama iko na jeni ya kansa ya titi, anakubali kukatwa titi lenye halina kitu. Ao mugonjwa anasoma jibu lake peke yake na kubadilisha kipimo cha dawa bila kuuliza munganga.

Kampuni ingeweza kubishana kwa miaka. Wojcicki alichagua njia ingine: alisimamisha majibu ya afya kwa wateja wapya, akaendelea kuuza habari za asili tu, akatafuta watu wenye wanajua sheria za dawa, na kuanza kuleta uthibitisho, ugonjwa mumoja kisha mwingine. Mwaka 2015 FDA ilikubali kipimo cha kwanza, cha ugonjwa wa Bloom, wenye unapatikana mara chache sana. Mu Aprili 2017 ilikubali majibu juu ya hatari ya magonjwa 10, kati yao Parkinson na Alzheimer. Mu Machi 2018 ilikubali jibu juu ya kansa ya titi, lakini kwa mabadiliko matatu tu ya jeni za BRCA.

Hapo njo uongozi wake ulionekana vizuri zaidi. Alikubali kama mutu mwenye anauza jibu la afya anapashwa kuonyesha kama jibu ni la kweli, na kampuni ikapata tena heshima.

Pesa ilitoka wapi

Biashara ya kupima ADN iko na shida moja kubwa: mutu anapimwa mara moja tu mu maisha. ADN yako ya leo njo itakuwa yako ukizeeka. Mteja akisha kununua, harudi.

Kwa hiyo 23andMe ilitafuta pesa pengine. Wateja karibu 80 juu ya 100 walikubali habari zao zitumikishwe mu utafiti. Mwaka 2018 kampuni ya dawa GSK, ya Uingereza, iliweka dola milioni 300 mu 23andMe, ili watafute pamoja dawa mpya mu zile habari. Mwaka 2021 kampuni iliingia kwenye soko la hisa, ikihesabiwa kuwa na thamani ya dola bilioni 3.5 hivi. Mwaka huo huo ilinunua Lemonaid Health, kampuni ya wanganga wenye wanatunza wagonjwa kwa intaneti, kwa dola milioni 400. Mupango wa Wojcicki ulikuwa kuunganisha vitu viwili: kipimo na matunzo. Kila mutu atunzwe kufuatana na mwili wake mwenyewe, siyo dawa moja kwa watu wote.

Mupango ulikuwa muzuri kwenye karatasi. Lakini kampuni haikupata faida hata mwaka mumoja.

Wizi wa 2023 na kuanguka kwa 2025

Mu Oktoba 2023 ilijulikana kama wezi wa intaneti wameingia mu 23andMe. Walitumia maneno ya siri yenye watu walikuwa wanatumia pia kwenye tovuti zingine, na kufungua akaunti karibu 14,000. Hiyo siyo nyingi. Lakini kampuni ilikuwa na huduma ya kutafuta ndugu: ukiingia, unaona majina na habari za watu wenye munashirikiana damu. Kwa kupitia milango 14,000, wezi waliona habari za watu milioni 6.9. Na kitu cha kutisha zaidi: wakaanza kuuza liste za watu kufuatana na asili yao, kati yao Wayahudi na watu wenye asili ya China.

Kisha hapo mambo yaliharibika haraka. Mu Septemba 2024 wakubwa wote saba wa baraza la kampuni wenye hawakuwa chini ya Wojcicki waliacha kazi siku moja. Yeye alitaka kununua kampuni yote irudi mikononi mwake, na wao walisema hajaleta mupango wenye kueleweka. Mu Novemba kampuni ilifukuza wafanyakazi 40 juu ya 100 na kufunga kazi yake ya kutafuta dawa. Tarehe 23 Machi 2025 ilienda kwenye tribunali kuomba ulinzi juu ya madeni, na Wojcicki akaacha cheo cha mukurugenzi.

Swali likawa: kampuni ikiuzwa, ADN ya watu karibu milioni 15 inauzwa pia? Mwendesha mashtaka mukuu wa California aliwakumbusha wateja kama wako na haki ya kufutisha habari zao. Majimbo zaidi ya 20 ya Marekani yalienda kwenye tribunali kusema habari za mwili wa mutu haziwezi kuuzwa sawa meza na viti bila yeye kukubali. Kampuni ya dawa Regeneron ilitoa dola milioni 256. Kisha Wojcicki mwenyewe alirudi na shirika jipya lenye halitafuti faida, TTAM Research Institute, akatoa dola milioni 305. Yeye njo alishinda, na mu Julai 2025 kazi yote ilirudi mikononi mwake. Shirika hilo liliahidi kufuata sheria za siri za zamani na kuruhusu watu kufutisha habari zao.

Watu wengine wanasema alishinda, wengine wanasema aliharibu kisha akanunua vipande kwa bei ndogo. Kwa musomaji wa Kalemie, jambo kubwa ni lingine: mutu mwenye alitema mate mwaka 2010 hakuweza kujua kama miaka 15 kisha, juji njo ataamua nani anabakia na mate yake.

Inatuhusu sisi kwa njia nne

Ya kwanza: ADN siyo ya mutu mumoja. Mutu anashirikiana nusu na muzazi wake, karibu nusu na ndugu wa tumbo moja, na sehemu moja juu ya nane na mutoto wa baba mudogo ao wa shangazi. Kaka yako akitema mate kule Texas, ametoa pia sehemu ya habari zako wewe mwenye uko Katanika na hukuulizwa. Siyo maneno ya kutishana. Mwaka 2018 polisi ya California ilikamata muuaji mwenye ilimutafuta tangu miaka ya 1970, Joseph DeAngelo. Yeye hakupimwa. Ndugu zake wa mbali njo walikuwa wameweka ADN yao kwenye tovuti moja ya kutafuta ukoo, na polisi ikafuata ukoo mupaka kufika kwenye mulango wake. Safari ile ilileta haki. Lakini njia ile ile inaweza kutumikishwa na mutu mwenye hana nia muzuri.

Ya pili: ADN haiandiki kabila. Kwenye majibu ya 23andMe, mutu wa kwetu anawekwa mu kundi kubwa lenye kampuni inaita la Kongo na upande wa kusini wa Afrika ya Mashariki. Hakuna pahali pa kusoma Muluba, Mutabwa, Muholoholo, Mubembe ao Mutwa kwa hakika, juu makabila yetu yameoana tangu zamani, na kabila ni lugha, ukoo na desturi, siyo damu peke yake. Jimbo letu linajua bei ya mambo haya. Kisha vita kati ya Batwa na Baluba, mwaka 2016 na 2017, Katanika ilipokea watu wengi wenye walikimbia vijiji vyao. Siku moja mutu akikuja na karatasi ya ADN kusema nani ni mwenyeji na nani ni mugeni, jibu ni fupi: kipimo hicho hakiwezi kusema hivyo.

Ya tatu: majibu ya afya yalitengenezwa zaidi kwa watu wengine. Sehemu kubwa ya watu wenye walipimwa mu utafiti wa jeni duniani wako na asili ya Ulaya. Kwa hiyo hesabu za hatari zinaenda vizuri kwao na kukosea zaidi kwetu. Mufano ni ule wa kansa ya titi: mabadiliko matatu yenye FDA ilikubali mwaka 2018 yanapatikana zaidi kwa Wayahudi wa asili ya Ulaya ya Mashariki. Dada wa Kalemie mwenye anaishi Kanada akipata jibu "hatukukuta kitu", jibu hilo halimaanishi kama hana hatari. Waliangalia maneno machache tu mu kitabu. Akisikia uvimbe kwenye titi, aende kwa munganga siku hiyo.

Ya nne: kisanduku cha dukani hakifunguli ambasade. Kuko familia zenye zinaombwa kipimo cha ADN ili muzazi na mutoto waungane Marekani. Kipimo hicho ni kingine. Ambasade inakubali tu labo zenye zimetambuliwa, na kipimo kinachukuliwa mbele ya mutu mwenye aliruhusiwa, kwa vitambulisho. Mwenye anakuja nyumbani kukuuzia "ADN ya viza", umuache aende na kisanduku chake.

Waafrika pia walijaribu

Munijeria Abasi Ene-Obong aliona shida ile ya watu wa Ulaya kuwa wengi mu utafiti, na mwaka 2019 alianzisha 54gene, mu jina la inchi 54 za Afrika. Alitaka kukusanya ADN ya Waafrika ili dawa zitengenezwe pia kwa ajili yetu. Alipata dola milioni 45 kwa wenye pesa. Mu 2022 aliacha uongozi, na mu 2023 kampuni ikafunga. Somo ni karibu lile la 23andMe: kukusanya ADN kunagharimu pesa nyingi leo, na dawa yenye inaleta faida inakuja kisha miaka mingi, kama inakuja.

Kipimo cha jeni chenye Kongo inahitaji

Sasa turudi nyumbani. Kuko ugonjwa wa jeni wenye kila mutu hapa ameuona, hata kama hakujua jina lake: drepanositozi, yenye watu wengi wanaita SS tu. Tanzania wanasema selimundu. Damu ya mutoto inachukua umbo la mundu, inaziba mishipa midogo, mutoto analia na maumivu ya mifupa, macho yanakuwa manjano, damu inapunguka mara kwa mara.

Hapa njo kuko viongozi wetu wa kupima jeni, na hawajulikani sana sawa Wojcicki. Mukubwa kati yao ni Profesa Léon Tshilolo, munganga wa watoto na wa damu, wa hospitali Monkole ya Kinshasa. Yeye na wenzake walichukua tone la damu kwenye kisigino cha watoto wachanga 31,204 wa Kinshasa. Matokeo, yenye yalitangazwa mwaka 2009, yalionyesha watoto 1.4 juu ya 100 walikuwa SS, na karibu 17 juu ya 100 walikuwa AS, ni kusema wanabeba jeni moja bila kugonjwa. Hesabu hiyo inamaanisha karibu mutu mumoja juu ya sita.

Tshilolo hakuishia kwenye kupima. Na wenzake wa Angola, Kenya na Uganda, walijaribu dawa hidroksiyurea kwa watoto 606 wa SS. Watu wengi waliogopa kama dawa hiyo itakuwa hatari mu inchi zenye malaria. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: maumivu yalipunguka zaidi ya nusu, malaria ikapunguka karibu nusu, kuongezewa damu kukapunguka theluthi mbili, na vifo vikapunguka kutoka 3.6 mupaka 1.1 kwa kila watoto 100 wenye walifuatwa mwaka mumoja.

Ngambo ya ziwa, mu Tanzania, Profesa Julie Makani alianza mwaka 2004 kazi kubwa ya selimundu pale Muhimbili, Dar es Salaam, kufuata wagonjwa maelfu kwa miaka mingi. Mwaka 2011 Royal Society ya Uingereza ilimupa tuzo juu ya kazi hiyo. Uganda nayo ilifanya kitu cha akili: ilichukua matone ya damu makavu yenye yalikuwa yamekusanywa juu ya kupima watoto VIH, ikayapima drepanositozi. Ilipata picha ya inchi yote bila kuchoma watoto tena: watoto 13.3 juu ya 100 walikuwa AS.

Tofauti na biashara ya mate inaonekana. Kipimo hiki kinaangalia jeni moja tu, lakini jibu lake linarudi kwa mama mwenye iko na mutoto mikononi, na kuko kitu cha kufanya asubuhi yake. Hayo njo matunzo ya kila mutu kufuatana na mwili wake, yenye Wojcicki alikuwa anatafuta kwa mamilioni ya dola.

AA, AS, SS: mambo ya kukumbuka

Mutu wa AA hana jeni ya ugonjwa. AS iko nayo moja, iko muzima, na hata anakingwa juu ya malaria kali. Njo sababu jeni hii ni nyingi kwetu. SS alipata mbili, moja kwa mama na moja kwa baba.

Bwana na bibi wakiwa wote wawili AS, kila mimba iko na hesabu hii: nafasi moja juu ya nne mutoto kuwa SS, mbili juu ya nne kuwa AS, moja juu ya nne kuwa AA. Hesabu inaanza upya kila mimba. Kuwa na mutoto mumoja wa SS hakumaanishi watatu wenye kufuata watakuwa wazima.

Kwa hiyo mutoto wa SS hawezi kutokana na mama peke yake. Mwanamuke mwenye anafukuzwa kwa sababu "anazaa watoto wa damu mbaya" anaonewa, juu baba alitoa nusu. Na mutoto mwenye anagonjwa kila mwezi siyo mulozi, na hakulogwa na nyanya wa jirani. Alizaliwa na jeni mbili.

Kuko vipimo vya namna mbalimbali. Kipimo cha Emmel kinaonyesha kama damu iko na umbo la mundu, lakini hakitofautishi vizuri AS na SS, na kwa mutoto mwenye hajafikisha miezi sita kinaweza kukosea. Elektroforezi inatofautisha. Kuko pia vipimo vya haraka vya tone moja la damu, vyenye vinatoa jibu chini ya nusu saa. Mutu mwenye aliongezewa damu mu miezi mitatu iliyopita aseme hivyo kwa munganga, juu damu ya mutu mwingine inaweza kuharibu jibu.

Mutoto akikutwa SS mapema, wazazi wanaweza kumukinga: maji ya kunywa mara nyingi, kulala chini ya mosikitere kila usiku, chanjo zote, penisilini na asidi ya foliki sawa munganga anaandika, hidroksiyurea kama munganga anaona inafaa na anafuata damu yake. Homa kwa mutoto wa SS haingojei kesho.

Mbele ya kutoa mate ao damu, uliza

Kipimo hiki kinatafuta nini, na kinaacha nini bila kuangalia? Nani ataona jibu? Damu ao mate yenye yanabakia, yanatupwa ao yanatunzwa, na kwa muda gani? Naweza kuomba yafutwe? Jibu likiwa baya, nani atanipokea, na matunzo yanagharimu pesa ngapi? Inchi yetu iko na sheria ya mambo ya kidijitali, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yenye inaongelea pia ulinzi wa habari za mutu binafsi. Mwenye anakuja kukusanya damu ya watu mu mutaa anapashwa kuweza kujibu maswali haya mbele ya kufungua sindano.

Na kwa vijana wenye wanajitayarisha kuoana: muende pamoja kupimwa mbele ya mahari, siyo kisha mutoto wa kwanza kugonjwa. Siku ya dunia ya drepanositozi ni tarehe 19 Juni, lakini labo haingojei Juni. Mukiwa wote AS, hakuna mwenye anaweza kuwakataza, mutaamua mukijua. Na karatasi ya jibu muitunze pamoja na karatasi za chanjo za watoto. Munganga mwenye atawapokea usiku ataiomba.